Bukari Imepoa: Jumamosi za Ba Chola na Mama Feza

Nimerudisha funguo za chumba cha kamera, nimekunywa soda ya kuagwa, na sasa nina meza yangu mwenyewe mbele ya dirisha. Ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niandike jinsi tulivyotengeneza michezo ya televisheni kabla kompyuta hazijaja kukata na kuunganisha kila kitu. Nitaandika. Vyeo nilivyopata sitavitaja, kwa kuwa mnavijua. Mshahara sitautaja, kwa kuwa hautapendeza. Nitasimulia Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mchezo wetu wa kwanza, Bukari Imepoa, yaani ugali umepoa. Watu wa Kashikishi, soko letu la ufukoni, waliokwisha zeeka bado wananiita kwa jina la mchezo huo ninapopita sokoni, na sioni sababu ya kuwakataza.

Niliondoka Nchelenge nikiwa msichana mdogo, nimekaa juu ya magunia ya chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa mchangani, katika mtumbwi wa injini uliovuka ziwa Mweru kwenda Kilwa, upande wa Kongo. Shangazi yangu alinipeleka Lubumbashi nimsaidie kuuza. Niliuza. Asubuhi niliuza mikate ya kukaanga mbele ya shule ya watoto wa wengine, mchana nikaingia shule yangu, na hakuna mjomba wala padri aliyeninunulia hata kalamu. Nikatoka na diploma ya maigizo na televisheni. Ninasema haya waziwazi kwa sababu ni kweli, na mtu aliyejijenga mwenyewe akinyamaza, wanaozungumza ni wale waliojengwa na baba zao.

Kamera nilifundishwa na Papa Kasongo, mpiga picha mzee wa kituo kimoja cha Lubumbashi. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi, na hakuwapenda wanafunzi. Siku ya kwanza aliniwekea kamera begani akaniambia, "Shika kama unashika mutoto wa jirani. Usimubane, atalia. Usimuachilie, mama yake atakuua." Wiki nzima hakuniruhusu nibonyeze kitu. Nilibeba tu ile kamera, nikatembea nayo uani, nikapanda nayo ngazi, mpaka nilipoweza kuketi kitini bila picha kutikisika. Ninyi mna vyuma vya kusimamishia kamera, na bado picha zenu zinatetemeka. Nimesema.

Tulikuwa hatuna mashine ya kukata filamu. Mchezo ulipigwa kwa mfuatano wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, juu ya kaseti moja. Mwigizaji akikosea, unarudisha mkanda nyuma, unatafuta pale alipokosea, unapiga juu yake. Kwa hiyo tulifanya mazoezi mpaka maneno yakawa kama ya kwao wenyewe, halafu ndipo tulipopiga. Mpate kuelewa hilo vizuri, kwa sababu yaliyotokea baadaye yalitoka humo: waigizaji wangu walikuwa wamezoea kusema jambo hadi mwisho, bila mtu kuwakatiza.

Nilirudi Nchelenge na kamera ya zamani ya Papa Kasongo, betri ya gari, na kipaza sauti kimoja nilichokifunga kwenye mpini wa kasia. Siku yangu ya kwanza Kashikishi, wanawake wa samaki walinizunguka wakicheka.

"Tazameni, Mama Diplôme amerudi! Sasa, mama, ile diploma inakaangwa ama inachemshwa?"

"Inakaushwa," nikawajibu, "kama chisense yenu, ndiyo maana haiozi."

Tangu siku hiyo nikawa Mama Diplôme. Jina zuri. Upepo wa ziwa ndio haukuniheshimu. Uliingia katika kipaza sauti ukanguruma hata mtu asisikike, mpaka nilipokata kipande cha blanketi la salaula, yaani la mitumba, nikakivalisha kile kipaza sauti kama mtoto mwenye homa. Vumbi la samaki nalo liliingia katika kioo cha kamera. Nililifuta kila asubuhi kwa kitambaa cha pamba, na kamwe si kwa kikwembe, yaani kitenge, kwa maana kikwembe kinakwaruza.

Kituo cha Lubumbashi kilitaka vichekesho juu ya watu wa makamo: mume na mke ambao watoto wameondoka, nyumba imekuwa kimya, na sasa wanatazamana kama wasafiri wawili waliokosa basi moja. Kaseti zilivuka ziwa kwa mtumbwi na kuendelea kwa lori. Sisi huku tulizionyesha Jumapili alasiri katika ukumbi wa sokoni, televisheni juu ya meza, jenereta nje. Niliwatafuta waigizaji wenye miaka ya kutosha. Vijana waliokuja nikawarudisha. Uso wa mtu wa makamo hauhitaji poda, una habari zake tayari.

Ba Chola alikuwa na nyavu na mitumbwi, mtu wa ufuko wetu, mzungumzaji wa Kibemba ambaye Kiswahili alikijua cha biashara. Mnene, mpole, mwenye uso wa mtu anayesingiziwa. Alipokaa kimya tu, watu walicheka. Mama Feza alikuwa mwanamke wa Kilwa, mfanyabiashara wa samaki na vikwembe, mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya ndizi. Kila mmoja nilimsikia sokoni peke yake, nikajua papo hapo: huyu na huyu. Jicho hilo sikulipata kwa mtu.

Aliyenijia kunionya alikuwa Ya Béa, dada mkubwa wa Mama Feza.

"Mama Diplôme, unajua bale ni bwana na bibi ya kweli?"

"Najua."

"Unajua habakae nyumba moja?"

"Hilo pia nalijua."

"Alors, unatafuta nini? Kuko kifo katikati yao. Mutu hawezi kucheka na bwana ambaye hajamuonyesha kaburi ya mutoto."

Kisa kilikuwa hiki, na kila mtu Kashikishi alikijua. Mtoto wao wa mwisho, Mwape, alifariki wakati wa kipindupindu, mama yake akiwa Kilwa kununua vikwembe. Ziwa lilikuwa limechafuka na mitumbwi haikuvuka. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha zikwa. Pale pale ufukoni, mguu mmoja ukiwa bado majini, Mama Feza alimwambia mumewe mbele ya watu kwamba amemzika mtoto kama mbwa. Kisha akabeba mzigo wake akaenda kwa Ya Béa.

Sasa, kwetu huku, aliyechelewa maziko haendi kaburini mwenyewe. Yule aliyemweka marehemu udongoni ndiye humshika mkono, humpeleka, na humweleza akiwa amesimama pale: tulimwosha hivi, tulimvika nguo hii, kichwa kiko upande huu. Hapo ndipo aliyechelewa hulia. Kabla ya hapo machozi yake hayahesabiki, na akienda peke yake ni kama mwizi. Mama Feza alingoja Ba Chola aje amshike mkono. Ba Chola hakuja. Ndugu zake walisema anangoja aombwe radhi kwa lile tusi. Mvua mbili, yaani miaka miwili, zikapita hivyo, yeye na nyavu zake, mke na vikwembe vyake, na katikati kaburi ambalo mama hajaliona.

Nilimwambia Ya Béa kwamba nitawauliza wenyewe. Mama Feza alisema, "Kazi ni kazi. Kama ni kumutukana mbele ya kamera, hata bure nitakuja." Ba Chola aliniuliza kitu kimoja tu: "Atanisemesha?"

"Kila Jumamosi," nikamwambia.

"Basi nitakuja."

Alikuja. Kila Jumamosi alikuwa wa kwanza, amevaa lile koti la salaula nililomchagulia, lililombana mikono ikasimama kama ya mwanasesere. Mama Feza alifika, akawasalimu wote isipokuwa yeye, akakaa upande wa pili. Nikisema "tuanze," mwanamke yule aliinuka na kumwita mume wangu, mzee wangu, adhabu yangu. Alimgombeza juu ya kukoroma. Alimgombeza juu ya chumvi, juu ya kofia, juu ya mjukuu aliyempa jina la jogoo. Bukari ilipoa mezani katika kila mchezo, ndiyo maana ya jina. Nikisema "imekwisha," alinyamaza kama redio iliyotolewa betri, akachukua kikapu chake akaenda. Ba Chola alibaki amekaa mezani. Mara nyingine alikula ile bukari ya mchezo, baridi hivyo hivyo.

Ukumbini watu walipiga mabenchi kwa kicheko. Wanaume walikuja na wake zao, na nikaona wengine wakigusana kwa kiwiko kama kusema, wewe huyo. Kutoka Puta walikuja watu kwa baiskeli. Lubumbashi waliandika wakitaka zaidi. Mnielewe: kazi hiyo niliifanya kwa kamera moja na blanketi.

Kisha vita vikaanza tena upande wa Kongo. Mitumbwi ikaanza kuleta watu na magodoro badala ya biashara. Mama Feza alikuwa na mama yake mzazi Kilwa, mzee asiyeweza kutembea vizuri. Asubuhi moja, tukijiandaa kwa mchezo wa mwisho wa mfululizo ule, aliniambia mbele ya wote, sauti ya kawaida kabisa:

"Tukimaliza hii, mi navuka. Sirudi tena."

"Watu wanakimbia kuja huku, wewe unataka kwenda kule?"

"Kule niko na mama. Huku niko na nini? Ku nyumba ya dada nalala kama mugeni. Mutoto yangu iko mu udongo, sijui udongo gani."

Ba Chola alikuwa anafunga vifungo vya lile koti. Hakuinua macho, lakini kifungo hakikuingia.

Mchezo wenyewe ulikuwa juu ya bata. Mke amefuga bata kwa ajili ya sikukuu, amekwenda safari ya biashara, mume ameshindwa na hamu, amemchinja. Mke anarudi, anakuta kifua cha bata mezani na mume ameshika mfupa. Tulifanya mazoezi asubuhi nzima nyumbani kwa Ya Béa. Bata alikuwa wa kweli, amepikwa na Ya Béa kwa nyanya na vitunguu. Mazoezini kila mtu alicheka, hata mimi, na mimi sichekagi kazini.

Tulipopiga, Mama Feza aliingia na kikapu kichwani, akakishusha, akatazama meza. Alitakiwa aulize bata wake yuko wapi. Alisimama tu. Nikadhani amesahau maneno. Kisha akasema:

"Ba Chola, mi sisemi tena juu ya bata."

Ba Chola alinitazama. Mwigizaji anayepotea humtazama mwongozaji, ndivyo nilivyowafundisha. Lakini Mama Feza hakunitazama.

"Nasema juu ya Mwape. Ziwa ilikuwa mubaya, najua. Ulimuzika, nikakuta mumemaliza, sawa. Juu ya nini haujanipeleka? Mvua mbili! Ni weye ulimuweka, ni weye wa kunionyesha. Nitavuka, nitaulizwa na mama yangu, nitamwambia mujukuu yake iko wapi?"

"Ulinitukana mbele ya bantu," Ba Chola akasema polepole.

"Nilikutukana, ndiyo. Mama amefiwa, anatukana hata Mungu. Mungu hakununa mvua mbili."

"Feza!" Ya Béa akasema.

"Acha, Ya Béa," Ba Chola akasema. "Aseme."

Nilifunga kamera. Wapo wapiga picha, na baadhi yenu mmo, ambao wangeendelea kupiga, kwa sababu nyuso zile mbili zilikuwa nzuri kuliko lolote nililopata kulipiga baadaye. Nilifunga, nikaweka kifuniko juu ya kioo, nikaishusha kamera chini. Maneno yaliyofuata hayamo katika kaseti yoyote. Ninayaandika kwa sababu Mama Feza mwenyewe, miaka mingi baadaye, aliniambia siku moja niyaandike.

Ba Chola aliuweka ule mfupa wa bata sahanini.

"Haina mi," akasema.

"Haina weye nini?"

"Haina mi nilimuzika. Si mi."

Akafuta vidole kwenye lile koti.

"Bale ba afya bakakuja. Na gants ku mikono, na viatu bya plastiki, na ile dawa ya kunuka. Bakasema ugonjwa itakamata bengine. Bakamufunga, bakambeba. Bakaniambia, baba, simama kule. Nikasimama kule. Sikumuosha, Mama Feza. Sikumugusa. Kichwa iko upande gani, sijui. Nguo gani, sijui. Nikupeleke, nikuambie nini? Nisimame ku kaburi, nikudanganye?"

"Lakini kila mutu anasema weye ulimuzika."

"Ni mi niliwaambia. Baba atasema nini? Kama mutoto yake alizikwa na bageni, yeye anaangalia?"

Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya lile koti dogo. Mama Feza aliketi chini, sakafuni, kando ya kikapu chake. Akavuta uzi uliokuwa umechomoza katika kikwembe chake.

"Mvua mbili," akasema, "mi nafikiri unanizarau."

"Nilikuwa na haya."

"Ulisimama wapi?"

"Ku kichuguu."

"Kichuguu gani?"

"Ile kubwa, nyuma ya mashamba ya mihogo."

Mama Feza akainuka, akakung'uta kikwembe.

"Basi unipeleke ku kichuguu."

Walitoka kama walivyokuwa, yeye na koti la kuchekesha, mke na uso wa mtu aliyerudi safari. Ya Béa alinivuta mkono, akasema shughuli kama hiyo haifanywi bila mashahidi, tukawafuata. Tulipita kati ya meza za samaki, na watu waliotuona walianza kucheka, wakidhani ni mchezo. Mmoja akapaza sauti, "Mama Feza, leo umemukamata!" Kisha wakaona ameshikwa mkono. Watu wa huku wanajua maana ya mwanamke kushikwa mkono hivyo mchana, na mume akitangulia nusu hatua. Kicheko kikaisha meza baada ya meza, na wanawake wakashusha vitambaa vya kichwani.

Nyuma ya mihogo palikuwa na uwanda wa majani marefu. Kichuguu kilikuwa kikubwa kama nyumba ya kuku, na kimeota nyasi ubavuni. Ba Chola akasimama kando yake, akaweka miguu sawasawa kama mtu anayetafuta alama zake mwenyewe.

"Hapa."

Mama Feza akasimama pale pale, bega kwa bega naye.

"Uliangalia wapi?"

Akanyoosha mkono. Mbele kulikuwa na vilima kadhaa vya udongo vilivyozama, bila msalaba, bila jina. "Moja kati ya ile."

"Uliona nini? Uniambie yote."

Akamwambia. Mwanamume ambaye sokoni hakusema maneno matatu mfululizo alimwambia yote. Kwamba kulikuwa na manyunyu. Kwamba waliombeba walikuwa wanne, na mzigo haukuwalemea. Kwamba mmoja aliteleza lakini hakumwangusha. Kwamba walipomaliza, watatu waliondoka mara moja kwenda kunawa, na wa nne, kijana mrefu, alibaki, akatoa kofia, akainama kidogo, midomo ikitikisika.

"Alitoa kofia?"

"Alitoa."

"Alisema nini?"

"Nilikuwa mbali. Sikusikia."

"Lakini alisema."

"Alisema kitu, ndiyo."

Mama Feza akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo na kuuona uzito wake. Kisha akalia. Alilia kama wanawake wa ziwani wanavyolia, mikono juu ya kichwa, akimwita mtoto kwa majina yake yote, lile la baba, lile la bibi wa Kilwa, lile la utani alilompa mwenyewe. Ba Chola alianza nyuma yake kidogo, kwa sauti nzito, na nikatambua kwamba hata yeye alikuwa hajalia. Angewezaje? Hakuna aliyekuwa amempeleka.

Ya Béa akawaacha mpaka walipochoka. Kisha akasema, "Imetosha. Mutoto amesikia." Tukarudi. Bata tuliyemwacha mezani alikuwa ameliwa na mbwa wa jirani, na sahani imepasuka.

Nilirudisha mkanda nyuma, nikafuta kile kipande kifupi, kuanzia alipoingia na kikapu. Lubumbashi walilalamika kwamba mchezo wa mwisho umechelewa. Nikawajibu kwamba waigizaji wanaumwa, na wagonjwa hawaharakishwi, nao wakaniamini, kwa kuwa jina langu wakati huo lilikuwa limeanza kuaminika.

Jumamosi iliyofuata walikuja pamoja, na kwa mara ya kwanza Ba Chola alichelewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kamera begani, jua linapanda, bata mwingine anapoa. Niliwagombeza kama mwongozaji anavyopaswa.

"Mama Diplôme, utugombeze polepole," Mama Feza akasema, akishusha kikapu. "Ni huyu. Nafagia nje, anaita kujua kama niko. Naenda ku maji, anaita kama niko. Hata kuvaa koti hawezi, anasimama ku mulango anahesabu nyungu zangu kama zote ziko."

Ba Chola akatazama chini, akatabasamu.

"Na Kilwa?" nikamuuliza. "Unavuka lini?"

"Sivuki. Nimetuma neno na mutumbwi ya jana: mama afunge godoro, avuke yeye." Akakiweka kikapu kichwani, akakisawazisha, akarudi nyuma mpaka mlangoni, mahali pake pa kuanzia. "Atalala ku nyumba yetu."